KIFARANGA ALIYEMEZA KITU CHENYE MADHARA

Wafugaji wa Unguja na Pemba wanakumbushwa kuwa kifaranga hudonoa chochote: uzi, nailoni, hata msumari mdogo. Uzi unaoning'inia mdomoni usivutwe, kwani ncha ya pili huenda imekwishashuka tumboni, nao ukachana utumbo. Wala asinyweshwe mafuta kwa nguvu, yasije yakaingia mapafuni. Atengwe mahali penye joto na awekewe maji safi. Alfajiri, kabla hajala, lipapaswe gole, yaani kifuko cha chakula shingoni. Kwa kawaida huwa tupu. Likiwa limejaa, huenda njia imeziba, apelekwe kwa bwana mifugo. Aliyekula sumu ya panya apelekwe hima, bila kungoja alfajiri. Akifa azikwe, asiliwe na mtu wala paka.