Kwenda Lamu kutazama mashindano ya jahazi: yanayofaa kujulikana kabla ya safari

Tamasha la utamaduni la Lamu, ambalo kwa kawaida hufanyika mwezi Novemba, huwavutia wakaazi wengi wa Mombasa kwa sababu ya mashindano ya vyombo vya tanga. Mashindano kama hayo huandaliwa pia wakati wa Maulidi ya Lamu, katika Mfungo Sita. Wapo wanaopanga kwenda na kurudi siku moja kwa basi. Mpango huo haufai. Kutoka Mombasa hadi Lamu ni kilomita zipatazo 340 kupitia Kilifi, Malindi, Garsen na Witu, na njiani kuna vizuizi vya polisi ambapo kila abiria huulizwa kitambulisho. Anayetoka Likoni aongeze na foleni ya feri. Mwenye kuondoka alfajiri hufika mchana, akiwa amechoka, na huenda mashindano yameshaanza. Ni heri kwenda siku moja kabla na kulala huko, na chumba kitafutwe mapema kwani siku za tamasha nyumba za wageni hujaa.

Barabara huishia Mokowe, upande wa bara. Kutoka hapo ni boti hadi mji wa Lamu, na hapa ndipo pa kuwa na hadhari. Siku za sherehe gati hujaa watu na kila mmoja anataka kuvuka kwanza. Wakaazi wa Likoni hawahitaji kuelezwa maana ya chombo kilichojaa kupita kiasi: tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka na watu zaidi ya 270 wakafa, karibu kabisa na nchi kavu. Abiria ana haki ya kudai jaketi la kuokoa maisha kabla boti haijang'oa nanga, na alivae, asilikalie. Watoto wapewe la kimo chao. Boti ikiwa imejaa, isubiriwe nyingine.

Mashindano yenyewe hufanyika katika mkondo ulio kati ya kisiwa cha Lamu na kisiwa cha Manda, kwa hiyo mtu aliyesimama ufukweni mbele ya mji huyaona bila malipo. Hakuna haja ya kupanda chombo cha kufuata washindani. Vyombo vinavyozongamana karibu na maboya ndivyo vinavyogongana.

Asiyejua atatazama nani yuko mbele. Wenyeji hutazama boya. Chombo kikienda na upepo, karibu kila nahodha anaweza. Kazi huanza kinapolazimika kubisha, yaani kwenda kombokombo dhidi ya upepo. Tanga la mashua hufungwa kwenye foromali, mti mrefu unaoning'inia mlingotini. Kila chombo kinapogeuka, foromali na tanga lote lazima vihamishiwe upande wa pili wa mlingoti, na demani, kamba inayoshika pembe ya tanga, izungushwe nayo. Mabaharia wakichelewa kidogo tu, tanga hupigapiga, chombo husimama, na aliyekuwa wa tatu hupita.

Kingine cha kuangalia ni ubao unaotokezwa nje upande unakotoka upepo. Mabaharia huketi juu yake wakining'inia juu ya maji ili uzito wao uzuie chombo kulala. Upepo ukikata ghafla hurudi ndani mbio, la sivyo huzama nao upande ule ule walioketi. Novemba ni mwezi wa namna hiyo hasa: kusi imekwisha na kaskazi ndiyo kwanza inaanza, basi upepo hauaminiki. Chombo kupinduka si ajabu, na mabaharia hawa ni waogeleaji hodari. Mtazamaji asijitose kwenda kuwasaidia, maana maji ya mkondo huvuta kwa nguvu yanapokupwa.

Vyombo vingi vinavyoshindana vimeundwa Lamu kwenyewe, na kijiji cha Matondoni kinajulikana kwa mafundi wake. Mwenye nafasi asubuhi ya pili anaweza kufika huko akaone mbao zikichongwa.

Mabasi ya kurudi Mombasa huondoka Mokowe mapema, hivyo tiketi ikatwe siku ya kufika na mipango ya boti ya alfajiri ifanywe usiku wake. Jaketi ni lile lile, hata kama giza halijaondoka na boti ina watu wanne tu.