Tor na VPN: Nani bado anamwona mtumiaji wa intaneti Kampala?

Asubuhi ya Alhamisi tarehe 18 Februari 2016, wakaazi wa Kampala waliamka kwenda kupiga kura wakakuta Facebook, Twitter na WhatsApp hazifunguki. Huduma za kutuma pesa kwa simu nazo zilikuwa zimesimama. Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, ilisema hatua hiyo ilichukuliwa kwa sababu za usalama, na Rais Yoweri Museveni akaeleza kwamba njia hizo zilikuwa zikitumiwa kueneza uongo. Siku hiyo hiyo herufi tatu ambazo hadi wakati huo zilijulikana zaidi na mafundi wa kompyuta zilianza kupitishwa kutoka simu hadi simu: VPN.

Tangu hapo zimekuwa sehemu ya maisha ya mji. Tarehe 1 Julai 2018 serikali ilianza kutoza ushuru wa shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na wengi wakarejea kwenye VPN ili wasiulipe. Ushuru huo ulifutwa mwaka 2021, ukachukuliwa nafasi na kodi ya asilimia 12 juu ya data. Januari mwaka huo huo, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilifungwa tena baada ya kampuni hiyo kuondoa akaunti kadhaa ilizodai zinahusishwa na serikali, na safari hii kufuli halikuondolewa uchaguzi ulipokwisha.

Katika mazoea hayo yote, mambo mawili yamechanganywa. Kupita ukuta ni jambo moja. Kujificha ni jambo jingine. Mtu anayetaka tu kuona picha za harusi ya binamu yake kwenye Facebook iliyofungwa anahitaji la kwanza. Mwandishi wa habari anayepokea nyaraka kutoka kwa mtumishi wa umma, au mtu anayehofia kufikishwa mahakamani kwa aliyoyaandika, anahitaji la pili, na akidhani amelipata kumbe hajalipata, gharama yake ni kubwa.

Handaki lenye mwenyewe

Kwa kawaida, mtu aliyeko Ntinda akifungua tovuti, ombi lake hupita kwanza katika mitambo ya kampuni ya simu. Kampuni hiyo huona tovuti gani inatafutwa, hata pale ambapo haiwezi kusoma yaliyomo. VPN humchimbia mtumiaji handaki: ombi husimbwa, yaani hugeuzwa kuwa msimbo usiosomeka bila ufunguo, likapelekwa kwenye seva ya kampuni ya VPN iliyo nchi nyingine, na kutoka hapo likaendelea na safari. Kampuni ya simu huona handaki tu, haioni ombi linaelekea tovuti gani.

Lakini handaki lina mwenyewe. Kila kilichokuwa kikionekana na kampuni ya simu sasa huonekana na kampuni ya VPN, ambayo mara nyingi mtumiaji haijui iko wapi wala inaishi kwa fedha gani. Mfano mzuri ni Onavo Protect, VPN ya bure iliyokuwa mali ya Facebook yenyewe. Iliahidi kumlinda mtumiaji, huku ikikusanya taarifa za programu anazozitumia kwa manufaa ya Facebook. Agosti 2018 iliondolewa kwenye duka la programu la Apple kwa kukiuka kanuni za ukusanyaji wa data.

Bahasha ndani ya bahasha

Mtandao wa Tor ulibuniwa ili mtumiaji asilazimike kumwamini mtu mmoja. Chimbuko lake ni Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani, ambako katikati ya miaka ya 1990 Paul Syverson, Michael Reed na David Goldschlag walitafuta njia ya kutumia intaneti bila kudhihirika nani anawasiliana na nani. Baadaye Syverson alishirikiana na Roger Dingledine na Nick Mathewson. Mtandao ulianza kutumika mwaka 2002, na tangu 2006 umesimamiwa na shirika lisilo la kibiashara linaloitwa Tor Project. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya fedha za shirika hilo imetoka kwa serikali ya Marekani, jambo ambalo wakosoaji wake hawachoki kulikumbusha.

Namna unavyofanya kazi inaeleweka kwa urahisi ukiwafikiria waendesha bodaboda watatu. Mtu wa Ntinda anataka kumpelekea barua mtu wa Makindye, bila yeyote kujua kwamba wawili hao wanaandikiana. Anaitia barua ndani ya bahasha, bahasha hiyo ndani ya nyingine, na hiyo ndani ya ya tatu. Mwendesha bodaboda wa kwanza anamfahamu aliyempa mzigo, lakini akifungua bahasha ya juu anakuta tu anwani ya mwenzake wa Wandegeya. Huyo wa Wandegeya anafungua ya pili na kukuta anwani ya mwenzake wa Nakasero. Hajui mzigo ulianzia wapi wala utaishia wapi. Wa Nakasero anafungua ya mwisho na kuiona anwani ya Makindye, lakini hana habari ya Ntinda. Jibu hurudi kwa njia hiyo hiyo.

Waendesha bodaboda hao, katika Tor, ni kompyuta za watu wanaojitolea. Ziko maelfu, nyingi zikiwa Ulaya na Marekani. Kivinjari cha Tor, ambacho hupatikana pia kwa simu za Android, huchagua tatu kati yake na kulizungushia ombi tabaka tatu za msimbo, kama maganda ya kitunguu, na ndiyo maana nembo yake ni kitunguu. Safari hiyo ndefu huifanya intaneti iende polepole, na tovuti nyingi humshuku mgeni anayeingia kwa mlango huo.

Jeshi lingejenga maficho kisha liyafungulie dunia nzima kwa nini? Kwa sababu mtandao unaotumiwa na wanamaji pekee ungemtangaza kila anayeutumia kuwa mwanamaji. Kujificha kwa Tor ni kujificha ndani ya umati. Mtu hupotea machoni katika Soko la Owino siku ya Jumamosi. Akisimama peke yake usiku wa manane katika uwanja wa Kololo, hata akijifunika shuka, kila mpita njia atajua kuna mtu pale.

Mlango wa kuingilia

Hapo ndipo ugumu wa Kampala unapoanza. Tor huficha mtu anakwenda wapi, lakini isipoongezewa kitu haifichi kwamba anatumia Tor. Orodha ya kompyuta zake iko wazi kwa kila mtu, na kampuni ya simu ikitazama inaweza kuona kwamba laini fulani, saa fulani, imeunganishwa na mojawapo.

Desemba 2013 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani alituma barua pepe zenye vitisho vya mabomu, akitaka mtihani uahirishwe. Alitumia Tor pamoja na anwani ya barua pepe ya muda. Hakuna aliyeuvunja msimbo wa Tor. Wachunguzi waliangalia tu ni nani alikuwa ametumia Tor kupitia mtandao wa chuo saa chache kabla ya ujumbe kufika. Wapelelezi wa FBI walipomhoji, alikiri. Nia yake ilikuwa ovu, lakini somo la kiufundi halichagui mwema na mbaya.

Nchini Uganda, usajili wa laini za simu ulianza mwaka 2012, na mwaka 2017, baada ya kuuawa kwa afisa wa polisi Andrew Felix Kaweesi, wamiliki wa laini walitakiwa kuzihakikisha upya kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Kwa hiyo nyuma ya kila laini kuna jina, sura na alama za vidole. Sheria ya mwaka 2010 ya kunasa mawasiliano inaziwajibisha kampuni za simu kusaidia pale jaji anapotoa kibali. Ikiwa katika mtaa mzima ni watu wawili tu waliotumia Tor jioni ile ambapo waraka ulivuja, hakuna haja ya kumenya kitunguu.

Watengenezaji wa Tor wanalifahamu tatizo hili, wakabuni kinachoitwa madaraja: vituo vya kuingilia visivyotajwa katika orodha ya wazi. Mojawapo, Snowflake, huyafanya mawasiliano yafanane na simu ya video ya kawaida. Mtu yeyote anayeishi Uholanzi, Kanada au Australia anaweza kuweka programu ndogo katika kivinjari chake na kompyuta yake ikawa daraja la mtu aliye nyuma ya ukuta. Yafaa kukumbuka, hata hivyo, kwamba madaraja yalibuniwa kwanza ili kupita vizuizi. Mchunguzi mwenye vifaa na subira bado anaweza kuyatambua.

Mlango wa kutokea

Kituo cha tatu nacho kina udhaifu wake. Ndicho kinacholitoa ombi nje, na kama tovuti yenyewe haisimbi mawasiliano, mwenye kituo husoma kila kitu. Mwaka 2007 mtaalamu mmoja wa usalama wa kompyuta kutoka Sweden aliweka vituo vya aina hiyo, akanasa maneno ya siri ya barua pepe za balozi na ofisi za serikali za nchi mbalimbali, na kuyachapisha takriban 100 kati yake. Maofisa hao walidhani Tor huyafunga mawasiliano yao mwanzo hadi mwisho. Leo tovuti nyingi zina usimbaji wao, na hatari hii imepungua. Mashirika mengine yamefungua milango ndani ya Tor kwenyewe, ili msomaji asilazimike kutoka nje. BBC ilifanya hivyo Oktoba 2019.

Kuna pia hatari ambayo wabunifu wenyewe waliikiri katika maelezo yao ya kitaalamu ya mwaka 2004: anayeweza kutazama milango yote miwili kwa pamoja, akilinganisha saa na wingi wa data inayoingia na kutoka, anaweza kuunganisha ncha hizo mbili bila kusoma neno hata moja.

Simu yenyewe

Mengi ya hayo hayana maana ikiwa simu imeshaingiliwa. Oktoba 2015 shirika la Privacy International lilichapisha ripoti kuhusu operesheni ya ujasusi iliyopewa, kwa lugha ambayo wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji kutafsiriwa, jina la Fungua Macho. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, baada ya maandamano ya mwaka 2011 vyombo vya usalama vya Uganda vilinunua programu ya ujasusi ya FinFisher, ikalengwa kwa wapinzani na waandishi wa habari, pamoja na kupitia mitandao ya intaneti ya hoteli za Kampala, Entebbe na Masaka. Serikali ilikanusha.

Desemba 2021 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba simu za angalau wafanyakazi tisa wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, walioko Uganda au wanaoshughulikia masuala ya Uganda, ziliingiliwa kwa programu ya kampuni ya NSO ya Israel. Programu za aina hiyo husoma kioo na kibodi kabla ujumbe haujatiwa kwenye bahasha ya kwanza.

Na wakati mwingine mtu hujitaja mwenyewe. Anayepita vituo vitatu kisha akaingia katika akaunti yake ya Facebook ameiambia Facebook yeye ni nani. Tor pia hulinda kile tu kinachopita ndani yake. WhatsApp iliyo wazi kwenye simu hiyo hiyo inaendelea na njia yake ya kawaida.

Kwa miaka kadhaa Waganda walisoma kwenye Facebook maandishi ya mtu aliyejiita Tom Voltaire Okwalinga, mkosoaji mkali wa serikali. Juni 2015 mtaalamu mmoja wa kompyuta alikamatwa Kampala na kushtakiwa kwamba ndiye; akakana. Mwaka uliofuata wakili mmoja wa Kampala, akilalamika kwamba amechafuliwa jina, aliipeleka Facebook katika Mahakama Kuu ya Ireland mjini Dublin, yaliko makao yake ya Ulaya, akitaka itoe taarifa za kumtambulisha mwandishi huyo. Awali jaji alielekea kukubali. Mwaka 2017, baada ya kuelezwa hatari ambayo mwandishi huyo angekabiliana nayo nchini Uganda, alikataa kuamuru atajwe. Jambo la kutazamwa hapa ni lilikokuwa likijadiliwa: kilichomkinga mtu huyo siku ile ni uamuzi wa jaji mmoja wa Dublin.

Giza la siku tano

Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu, kampuni za mawasiliano za Uganda ziliagizwa kuzima intaneti yote. VPN zikakwama zikitafuta seva, na Tor, pamoja na madaraja yake, haikuwa na pa kupita. Teknolojia hizi zote hupanda juu ya intaneti; ikizimwa, hakuna bahasha wala mbebaji. Huduma ilianza kurejea tarehe 18.

Siku hizo tano, walioko Ulaya, Marekani na Australia waliotaka kujua hali ya ndugu zao walibaki na simu ya kawaida ya sauti: mazungumzo yasiyosimbwa kati yao na ndugu zao, kupitia laini iliyosajiliwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Kwanza watu waliulizana kama wazee wamekula na kama mtaa umetulia. Habari za kura zilisubiri.