Jina Lisilo la Mwenye Faili

Tuseme kompyuta ya chumba cha walimu katika shule moja ya sekondari huko Mbagala, wilayani Temeke, imeharibika, lakini diski yake ni nzima. Mwalimu anaitoa diski hiyo na kuiunganisha na kompyuta ya maabara, ambayo nayo huendeshwa kwa Linux. Kisha anaiamuru programu iitwayo find, ambayo kazi yake ni kutafuta faili, imwoneshe mitihani yote ya majaribio ya kidato cha nne pamoja na majina ya wenyewe. Faili zinaonekana zote. Ila mahali pa jina la mwenye faili hapakuandikwa mwalimu aliyeitunga mitihani. Pameandikwa rehema, naye Rehema ni mtahiniwa wa kidato hicho hicho.

Nani atamwamini mtoto dhidi ya mashine? Kabla ya kumwita ofisini, yatupasa kuchunguza mashine imelipata wapi jina hilo.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991, hufuata desturi za Unix, mfumo uliobuniwa Marekani mwaka 1969. Katika mifumo hii jina la mwenye faili haliambatani na faili kwenye diski. Kinachoambatana nayo ni namba tu: 0 ni ya msimamizi mkuu, na katika aina nyingi za Linux za leo watumiaji wa kawaida huanzia 1000. Majina yamo katika orodha ya kila kompyuta, iitwayo /etc/passwd. Programu ya find huisoma namba ya faili, huiendea orodha ya kompyuta inayofanya kazi wakati huo, na kutangaza jina linalokutwa mkabala na namba hiyo. Mwalimu alikuwa 1001 katika kompyuta iliyokufa. Rehema ni 1001 maabarani.

Utaratibu huu si mgeni kwa wasomaji wetu. Karatasi ya majibu ya Baraza la Mitihani la Tanzania haibebi jina la mtahiniwa, bali namba, nayo ina sehemu mbili: ya kituo na ya mtahiniwa mwenyewe. Mtahiniwa 0012 wa kituo cha Temeke hachanganywi na 0012 wa Kinondoni, maadamu namba ya kituo imetangulia. Namba ya Linux haina sehemu ya kituo. Huo kwa maoni yangu ni upungufu mkubwa, ingawa waliobuni Unix, wakiwa na mashine moja iliyotumiwa na watu wengi, hawakuwa na sababu ya kuuliza kituo gani.

Kosa hili huweza kutokea hata diski isipohamishwa. Wahitimu wanapofutwa katika orodha, faili zao hubaki na namba zao. Akisajiliwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza na kupewa namba iliyoachwa wazi, hurithi faili za mtu asiyemjua. Namba isiyo na mtu huoneshwa kwa tarakimu tupu, na find ikipewa neno -nouser hukusanya mayatima wote hao. (Flashi za mtindo wa FAT hazihifadhi mwenye faili hata kwa namba, hapo jina lolote utakaloliona ni la kubuniwa na kompyuta.)

Kumbe ushahidi wa kumtetea Rehema umo katika diski ile ile. Ikiwa imepachikwa mahali paitwapo /mnt, amri ya ls -n itaonesha namba badala ya majina, na orodha ya kale itapatikana katika /mnt/etc/passwd. Humo 1001 ni mwalimu.

Kusahihisha kunahitaji uangalifu zaidi kuliko kuchunguza. Tuseme katika diski hiyo faili za 1001 zinatakiwa ziwe za 1002, na za 1002 ziwe za 1001. Ukianza kwa kuzipeleka zote za 1001 kwenye 1002, makundi mawili yamekwisha changanyika, na hakuna amri itakayoyatenganisha. Kundi la kwanza hapana budi lipewe kwanza namba isiyo na mtu, mathalani 5000:

find /mnt -uid 1001 -exec chown -h 5000 {} +

Kisha 1002 hugeuzwa kuwa 1001, na ndipo 5000 hugeuzwa kuwa 1002. Neno /mnt lisisahaulike, ama sivyo faili halali za Rehema, zilizo katika diski ya maabara yenyewe, huenda zikachukuliwa pamoja na za mwalimu.