Mtoto Aliyefungwa Ulimi

Akina mama wa vikundi wametuuliza: mtoto aliyefungwa ulimi akatwe? Kila mtu ana kiutando chini ya ulimi. Kwa watoto wengine ni kifupi, kwa hivyo ulimi hauinuki vizuri. Kama mtoto ananyonya vizuri na anaongeza kilo, mwacheni tu. Lakini akiachilia titi kila mara, chuchu za mama zikichubuka na kilo zikikosa kupanda, mpelekeni kliniki. Kwanza muuguzi ataangalia vile mama anavyomweka mtoto titini. Ikibidi, daktari atakata kiutando kwa makasi ya hospitali. Ni kazi ya dakika chache, na mtoto hunyonyeshwa papo hapo. Wembe wa nyumbani, hapana! Unaweza kuleta pepopunda na kumtoa mtoto damu nyingi. Na mtoto akichelewa kusema, msilaumu ulimi. Apimwe masikio kwanza.