Mwacheni Mjane Akae Eda

Kwetu Tanga maziko hayacheleweshwi. Mtu akifariki alfajiri, baada ya Adhuhuri ameshaswaliwa. Akifariki usiku, husubiriwa kupambazuke tu. Kwa aliyeugua muda mrefu haraka hiyo ni stara. Kwa mke ambaye mumewe ametoka nyumbani mzima akarudishwa amebebwa, ni kama kunyang'anywa mara mbili. Mume wangu nilimwona akivaa viatu asubuhi, na kesho yake wakati kama huo alikuwa keshafukiwa. Moyo ulisimama. Daktari hakuwa na zaidi ya kunieleza.

Wanaume walipokezana jeneza mabegani hadi makaburini. Sisi wanawake tulibaki uani kwenye mikeka, maana kwetu mwanamke hafuati jeneza. Matanga yakapita siku 3 bila mimi kuyajua vizuri. Nakumbuka sufuria za majirani, kwani nyumba ya msiba haipiki: huyu kaleta uji, yule wali, mwingine kahawa na tende. Mtume (S.A.W.) ndiye aliyeamuru watu wa nyumba ya sahaba wake Jaafar wapikiwe chakula, sahaba huyo alipouawa katika vita vya Muuta, na mitaa yetu haijaliacha jambo hilo mpaka leo.

Siku ya 4 mikeka ilikunjwa. Kila mtu alirudi kwenye shughuli zake, na ndivyo dini inavyotaka, kwani haikuruhusiwa kumwekea maiti maombolezo zaidi ya siku 3 isipokuwa mke kwa mumewe. Yeye amepewa eda ya miezi 4 na siku 10. Mjamzito hukaa hadi ajifungue. Huhesabiwa kwa mwezi mwandamo, na hesabu huanza siku ya kifo, si siku ya kupata habari. Kwa hiyo mke wa baharia aliyefia mbali aliweza kuletewa habari wakati eda yake imeshakwisha, akakosa hata muda wa kulia. Niliwafikiria sana wanawake hao nilipokuwa ndani.

Kizuka, yaani mjane aliye edani, hajipambi. Hatii wanja wala hina, hajifukizi udi, havai dhahabu, hatoki bila haja, halali nje ya nyumba yake, wala hachumbiwi. Wasichana wa siku hizi huniuliza kama sikujiona nimefungwa. Nawajibu kwamba sijawahi kusitiriwa vile maishani mwangu. Hakuna aliyenitaka nitabasamu harusini. Hakuna aliyeniambia nijikaze. Mume aliyekufa ghafla humwachia mkewe mambo nusunusu: shati lililolowekwa, deni la dukani, maneno ya juzi usiku ambayo hamkupata kuyamaliza. Mambo hayo hayaishi katika siku 3. Mimi niliyamaliza moja moja, mlango ukiwa umefungwa. Mwanamume aliyefiwa na mke hana eda, nami humwonea huruma: siku ya 4 watu humtazamia awe ameshapona.

Lakini yapo yaliyobandikwa juu ya eda ambayo siyatetei. Niliambiwa nisijitazame kwenye kioo, nisichane nywele, nisitazame mwezi, nisimjibu mwanamume hata kwenye simu. Sheikh niliyemuuliza alisema hayo hayamo katika sheria: mjane anaoga, anachana nywele, anakwenda hospitali, na akiwa hana wa kumlisha anatoka mchana kutafuta riziki.

Kwenye riziki ndiko kugumu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mfanyakazi aliyefiwa na mwenzi wake likizo ya malipo isiyopungua siku 4. Namjua mwanamke aliyerudi dukani kwa mwajiri wake matanga yalipokwisha, akawa anapima sukari huku machozi yanamtoka, na wateja wanamhimiza.

Kuna pia suala la mirathi. Marehemu akiwa na watoto, mke hupata thumni. Akiwa hana, robo. Haki hiyo imeshapangwa, na anayempa mjane hamfanyii fadhila. Hata hivyo wapo ndugu wa mume wanaoulizia hati ya nyumba kabla mikeka haijakunjwa, tena mbele ya watoto.

Siku ya kutoka eda somo yangu, yule yule aliyenifunda kabla ya ndoa, alikuja alfajiri akanikogesha, akanifukiza, akanivika kanga mpya. Hatukusemezana mengi. Nililia, lakini nilitoka nje kwa miguu yangu.

Ndugu zangu, madeni ya marehemu yalipeni upesi, huo ni wajibu. Ila nyumba ambamo mjane anakaa eda isiuzwe wala isipangishwe kabla hajatoka. Na mwajiri ambaye sheria imemlazimisha siku 4 hakuna sheria inayomkataza kutoa zaidi.