Kabla hujanunua turbo mpya: gari ya mpwa wangu na siri ya 91

MUSCAT – Mpwa wangu alinipigia simu saa nne usiku. "Shikamoo, Mjomba. Gari imeishiwa nguvu. Garaji wanasema turbo imekufa, wanataka riali 650."

Sikumjibu upesi. Gari yenyewe aliinunua riali 2,600, na mimi najua zilikotoka: ni pesa alizokuwa akiziweka kwa ajili ya harusi yake. Mama yake, ambaye ni dada yangu, aliambiwa kwamba gari ni ya bei poa na haina tatizo.

Ni Subaru Impreza WRX ya 2009, injini ya lita 2.5 yenye turbo, nguvu za farasi 265. Ilianzia Marekani, ikaja Sharjah, ikavuka mpaka mpaka hapa. Sisi wa Ghuba tunazijua gari hizi za "wared": bei iko chini ya zile za wakala, lakini historia yake hakuna anayekusimulia.

Nimefanya kazi ya ufundi Muscat miaka 19. Nikamwambia: "Usilipe hata baisa moja. Njoo nayo alfajiri."

Kwa nini alfajiri

Mjini gari ilikwenda vizuri. Tatizo ni mlimani, njia ya Bausher kwenda Amerat. Ukikanyaga mafuta inapumua kama mzee anayepanda ngazi, na nyuma inatoa moshi mweusi.

WRX ina intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa inayotoka kwenye turbo, na imekaa juu ya injini. Gari ikisimama kwenye foleni na joto limepita 40, kile chombo cha kupoza chenyewe kinachemka. Hewa ikiingia moto, kompyuta ya gari inachelewesha moto wa plagi ili kuilinda injini, na nguvu inapungua. Ukiipima gari saa nane mchana unaweza kuisingizia turbo kosa la jua.

Skana ilisema nini

Nilichomeka skana yangu ndogo chini ya usukani. Hakuna kosa hata moja. Lakini kwenye ukurasa wa vipimo ambavyo gari hujifanyia yenyewe, vingi viliandikwa havijakamilika. Hiyo ni alama kwamba kumbukumbu imefutwa karibuni, au betri imetolewa. Nikamuuliza. "Fundi alichomeka mashine yake jana, Mjomba, akafuta." Yaani ushahidi umefutwa, halafu hukumu ikatolewa.

Wewe unayekwenda kununua gari, angalia ukurasa huo kabla hujatoa pesa. Taa ya injini kuzimika si lazima iwe na maana kwamba injini ni nzima.

Tukapanda mlima, yeye akiendesha, mimi nikisoma presha. Kwenye gari hii, ukikanyaga mpaka chini unategemea kuona karibu kPa 190. Katika hiyo, kama 100 ni hewa ya kawaida iliyotuzunguka hapa pwani, na 90 ndiyo kazi ya turbo. Sisi tuliona 150. Turbo inaleta 50 tu.

Hapo kuna njia mbili: ama turbo imechoka, ama hewa inavujia njiani. Moshi ndio uliotuelekeza. Gari hii inapima hewa mlangoni, kabla ya turbo, na kompyuta inatoa petroli ya kutosha hewa yote hiyo. Hewa ikitoroka kabla ya kufika kwenye silinda, petroli inazidi, na moshi unakuwa mweusi. Turbo inayokufa mara nyingi huvujisha oili, na moshi wake ni wa buluu. Tukafungua bomba la kuingizia hewa, nikaishika feni ya turbo kwa vidole. Haikuchezacheza, na hapakuwa na oili iliyotuama.

Tukaenda Wadi Kabir kwa jamaa mmoja mwenye mashine ya moshi. Kwa riali 10 alijaza moshi kwenye mabomba. Ukatokea chini ya intakula, kwenye mpira unaoungana na throto, mahali ambapo jicho halifiki. Una ufa wa urefu wa kidole, unaofunguka presha ikipanda. Mpira mpya: riali 14.

Kijana alicheka kwa furaha. Mimi sikucheka, maana nilikuwa nimeshafungua kifuniko cha tangi.

Namba 91 si moja

"Unaweka petroli gani?"

"Tisini na moja, Mjomba. Si imeandikwa hapo?"

Kweli, kibandiko cha Kimarekani kinasema 91. Lakini Marekani wanahesabu oktani kwa wastani wa vipimo viwili, na huku Oman tunatumia kimoja tu, kile kinachotoa namba kubwa zaidi. Ile 91 yao ni sawa na 95 yetu, au zaidi kidogo. Kwa miezi mitatu kijana alikuwa anafuata kibandiko, na kila anapotoka sheli amejaza petroli dhaifu kuliko inayotakiwa.

Petroli dhaifu kwenye injini ya turbo, na joto letu hili, inawaka kabla ya wakati wake. Injini inagonga. Injini hii inajulikana kwa hilo: kugonga kunavunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Nikasema hatuondoki bila kupima kompresheni.

Silinda ya kwanza psi 150. Ya pili 148. Ya tatu 150. Ya nne 130.

Mafundi wengi hawataki silinda zipishane zaidi ya asilimia 10. Hii imepita. Tukarudia, ikatoka ile ile.

Mtoto wa mtu

Tulifunga mpira mpya, tukajaza 95, na kwenye mlima ule ule skana ikasoma 188. Gari iliruka. Mpwa wangu akaniambia taratibu: "Mjomba, naiosha, naiuza wiki hii. Hakuna atakayejua."

Nikamuuliza: "Na huyo utakayemuuzia, si mtoto wa mtu?"

Alinuna. Siku mbili hakunipigia. Ya tatu akaja, akaomba ile karatasi ya vipimo. Gari ikauzwa riali 2,050 kwa kijana wa Seeb ambaye alikuwa anatafuta ya kufungua injini na kuijenga upya. Karatasi iliwekwa mezani kabla ya mulkiya.

Hasara ni riali 550 ukiacha matengenezo, na harusi imesogezwa mbele miezi minne. Dada yangu ameshaambiwa ukweli wote, na mimi pia nimelaumiwa: "Wewe fundi, kwa nini hukwenda naye siku ya kununua?"

Sikuwa na jibu. Kompresheni ya silinda nne inapimwa kwa muda wa chai mbili. Nikiitwa tena, nitakwenda na kipimo mkononi kabla pesa haijatoka mfukoni.