Kwa Nini Maharagwe Lazima Yatokote

Katika vikundi vingi akina mama wanatengeneza vikapu vya kuhifadhi joto ili kupunguza kuni na makaa. Ni kazi nzuri. Lakini kuna swali linalorudi kila mara: je, maharagwe mekundu yanaweza kuingia kikapuni mara tu maji yanapopata moto? Hapana, na sababu iko ndani ya protini yenyewe.

Tunapofundisha lishe huwa tunasema protini hujenga mwili, basi, tunaachia hapo. Protini ni kama shanga zilizotungwa. Kila shanga ni asidi amino, na aina zake ni 20 tu. Shanga hushikana kwa kifungo kiitwacho peptaidi: kaboni ya shanga moja imeshika naitrojeni ya inayofuata. Kifungo hiki ni kigumu. Kupika kwa kawaida hakukikati. Hukatwa tumboni na kwenye utumbo wakati chakula kinaposagwa, kisha mwili huchukua shanga hizo na kutunga upya misuli, damu na ngozi.

Lakini mtungo huo haukai umenyooka. Hujikunja mpaka ukawa donge lenye umbo maalum, na umbo ndilo linaloamua kazi yake. Donge hushikwa na vifungo vingine vingi, dhaifu, hasa vya haidrojeni. Kimoja peke yake si kitu. Vikiwa vingi ni kama nyuzi za mkonge zilizosokotwa kamba. Mahali pengine salfa hushika salfa, na hapo ni imara zaidi. Nywele zina salfa nyingi, ndiyo maana zikiungua zinanuka vile.

Angalia yai. Ute mbichi ni kama maji kwa sababu kila donge liko peke yake. Moto ukipita digrii 60 hivi, vifungo dhaifu vinaanza kuachana, mitungo inafunguka na kunasana na jirani zake, ute unakuwa mweupe na mgumu. Ukipoa haurudi. Protini haikupotea, ni umbo tu lililobadilika. Tena yai lililoiva husagika tumboni vizuri kuliko bichi. Wale wanaosema ati yai bichi lina nguvu zaidi wanakosea.

Sasa maharagwe. Yana protini iitwayo lektini, na katika yale mekundu ni nyingi sana. Ikiwa bado na umbo lake, hunata kwenye ukuta wa utumbo, na baada ya saa 1 hadi 3 mtu anatapika na kuharisha. Hata punje 4 au 5 mbichi zatosha. Donge hili limefungwa kwelikweli: maji ya moto yasiyotokota yanaweza kuliacha vile lilivyo hata baada ya saa nyingi. Na kikapu hakiongezi moto, kinatunza ule uliopo tu, nao unashuka polepole.

Kwa hivyo loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, weka mengine, na yatokote kwa moto mkali dakika 30 ndipo uhamishe kikapuni. Huko juu kwenye baridi, kama Nyandarua, maji hutokota kabla ya kufika digrii 100, basi ongeza muda. Githeri ni vivyo hivyo. Ukifungua kikapu ukute punje bado ngumu, rudisha sufuria jikoni yatokote tena, na watoto wasionje kwanza.